Hesabu Safari Kwanza: Kupeleka Huduma ya Serikali Mtandaoni, Tukianzia Amu

Kwa miaka tisa nilikuwa na saiba hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ambao wenyewe twauita Amu: kompyuta nne, printa moja na feni iliyozunguka ikitaka. Wateja wangu hawakuwa wakija kusoma habari. Walikuja na shida za serikali. Huyu anataka PIN ya kodi, yule cheti cha mwenendo mwema, mwengine mwanawe ameitwa chuo na mkopo haujajazwa. Baadaye nikaajiriwa katika ofisi moja ya umma nisaidie kuziweka huduma zake mtandaoni. Ofisi siitaji, kwa sababu nitakayoyasema humu mengine hayapendezi, na baadhi ya makosa ni yangu mwenyewe.

Siku hizi vijana walioajiriwa kazi kama ile huja kuniuliza waanzie wapi. Swali lao la kwanza huwa ni programu gani watumie. Mimi huwauliza: mtu wa Kizingitini, kule kisiwani Pate, anafunga safari ngapi kupata hiyo karatasi yenu? Mpaka leo sijapata aliyekuja na jibu.

Mfuate mtu mmoja tangu mlangoni kwake

Chukua huduma moja tu. Sisi tulianza na leseni ya chombo cha uvuvi. Tafuta watu watano wanaoihitaji mwezi huo, uandamane nao mwanzo hadi mwisho, na daftari mkononi. Usiwaite kwenye mkutano hotelini wakuelezee. Mtu akishapewa soda na posho hukwambia mambo yako sawa.

Nahodha mmoja wa Pate tuliyemfuata alikuja Amu mara nne. Ya kwanza kuchukua fomu. Ya pili kuirudisha, akaambiwa picha ni mbili si moja. Ya tatu kuleta risiti ya benki. Ya nne kuchukua leseni, na siku hiyo mwenye kutia sahihi alikuwa ng'ambo, Mokowe, kwenye mkutano. Akalala kwa shemeji yake Mkomani. Kila safari ni nauli ya kuja na kurudi, na siku ya kazi iliyopotea. Tena boti haziendi kwa saa za ofisi: pale Mkanda, mlango wa bahari wanaopitia, njia ni nyembamba, maji yakitoka boti kubwa haipiti, kwa hiyo nahodha anafika wakati bahari imemruhusu. Karani akiwa ametoka kunywa chai, boti itarudi bila yeye.

Andika kila kituo: alipokwenda, alichongoja, alicholipa, na nani alibidi abembelezwe. Halafu kaa na fomu yenyewe, uulize juu ya kila mstari: hiki kinasomwa na nani? Fomu yetu ilikuwa na sehemu ya muhuri wa chifu. Nikamuuliza karani unatumika wapi. Akaitazama fomu kama anaiona mara ya kwanza, akasema, "Tumeikuta." Hakuna aliyewahi kulirudisha ombi kwa ajili ya muhuri ule, ila watu walikuwa wakimtafuta chifu siku mbili. Tuliufuta kabla hatujaandika hata mstari mmoja wa programu, na siku hiyo ndiyo tuliyoleta faida kubwa kuliko zote zilizofuata. Fomu mbovu ukiitia mtandaoni ni fomu ile ile, ila sasa inataka na bando.

Mwaka wa 2023 serikali kuu ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimo kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Mimi hutaka kujua ni ngapi kati ya hizo mtu huzimaliza pasi na kupanda boti, kwa sababu nyingi nilizozijaza saibani zilianza kwenye skrini zikaishia kwenye foleni.

Saa, majina na maneno

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, basi nitakaa hapa kidogo.

Tulipoanza kuwapangia watu siku ya kukaguliwa vyombo, mimi ndiye niliyeandika ujumbe wa simu: "Fika ofisini saa 8:00." Mfumo ulikuwa ukichukua saa kutoka kwenye kalenda ya kompyuta, mimi nikaacha ilivyo. Karani akangoja asubuhi, hakuja mtu. Akafunga daftari akijisemea watu wa Amu wavivu. Saa nane mchana baraza ikajaa, wazee wamevaa kanzu safi, kila mmoja na simu yake mkononi ananionyesha: "Si mumesema saa nane?" Tumesema. Kwa Kiswahili saa 8 ni baada ya adhuhuri, na hakuna mtu mzima anayepaswa kuhesabu kichwani ili aielewe serikali yake. Andika kwa maneno na utaje kipindi: "saa mbili asubuhi". Na kwa mtu wa visiwani usimpe saa kabisa, mpe siku. Kujaa kwa maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi kila siku, kwa hiyo saa uliyompa Jumatatu ikamfaa, Alhamisi itamkuta bado hajavuka. Ramadhani na wiki ya Maulidi zitie kwenye kalenda ya mfumo mapema, usingoje kukumbushwa na foleni.

Majina nayo. Fomu ya kununuliwa huja na vyumba vitatu: jina la kwanza, la kati, na la ukoo. Hapa kwetu mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, na mwanamke akiolewa habadili. Ukimwambia bibi wa Siyu ajaze jina la ukoo atakuuliza ukoo wa nani. Mbaya zaidi ni herufi. Athman, Othman na Uthman huweza kuwa mtu mmoja katika karatasi tatu, kila karani aliandika alivyosikia. Swaleh na Saleh, Fatma na Fatuma, hivyo hivyo. Mfumo wetu wa kwanza ulilinganisha jina la kitambulisho na jina la kwenye rejista ya vyombo, herufi kwa herufi, na ikipungua moja unakataa. Ulikataa watu wa kweli wengi hata nikadhani umeharibika. Haukuharibika, ulikuwa ukifanya tulivyouagiza.

Tiba yake ni hii. Weka chumba kimoja kirefu: "Majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho." Mtambue mtu kwa nambari ya kitambulisho pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Majina yakitofautiana, mfumo usikatae. Umuonyeshe karani majina yote mawili yakiwa sambamba, aamue yeye, na uamuzi wake uandikwe pamoja na jina lake. Tarehe ya kuzaliwa ikubali mwaka peke yake, kwa kuwa huo ndio wazee wengi wanaoujua.

Na maneno. Usipeleke fomu ya Kiingereza kwa mfasiri ukadhani umemaliza. Tuliletewa kitufe kilichoandikwa "Pakia kitambulisho". Mzee mmoja akakisoma kwa sauti, akacheka hadi akakohoa: "Nikipakie chombo gani, mwanangu?" Tukaandika, "Weka picha ya kitambulisho hapa." Tukafuta pia "mwombaji", tukaandika "wewe", na "wasilisha" ikawa "tuma". Kila neno jipya lilisomewa kwanza na mama anayeuza mahamri mbele ya ofisi. Akikunja uso, tunalibadili. Alitufaa kuliko kamati yoyote.

Simu iliyo mkononi, si ile unayoitamani

Ukiwa ofisini kila mtu ana simu ya kupangusa. Toka nje. Nahodha hubeba kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, baharini kwa sababu chaji yake inakaa siku nyingi, na ikitota hajapoteza mali. Basi huduma yako lazima ifanye kazi kwa nyota na reli, yaani menyu za kubonyeza nambari, na kwa ujumbe mfupi.

Menyu hizo zina mipaka yake. Ukurasa mmoja hubeba herufi 182 tu, nafasi zikihesabiwa, na mtu akichelewa kujibu inajikata. Kwa hiyo usitie zaidi ya chaguo nne, na yanayotumika sana yawe juu. Menyu ikijikata, mfumo ukumbuke alipofikia. Asirudishwe nambari moja kama mtoto aliyefeli mtihani.

Ujumbe mfupi una herufi 160. Kuna mtego hapa ambao ulitugharimu pesa mwezi mzima bila kujua. Ujumbe wetu mmoja ulisema leseni iko tayari, ichukuliwe "ofisi ya ng'ambo". Aliyeuandika aliutunga kwenye programu ya kuandikia barua, ikampindia ile alama ya juu ya ng'. Alama iliyopindwa haimo kwenye herufi za kawaida za ujumbe, na ikiingia hata moja tu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe mmoja ukawa unahesabiwa kuwa miwili, mwengine mitatu, na tunalipia. Tumia alama iliyonyooka, ama useme Mokowe.

Kwa wenye simu kubwa, ukurasa wako uwe mwepesi. Usimwambie mtu picha isizidi ukubwa fulani ilhali simu yake inapiga picha mara tano ya hapo, aipunguze nani? Ipunguze wewe kwenye mfumo. Na kila sehemu aliyojaza ihifadhiwe papo hapo, maana mtandao hupotea bila kuaga.

Malipo yasiwe na fedha taslimu kabisa, na kila bili iwe na nambari yake pekee. Tanzania wanafanya hivyo: unapewa nambari ya malipo, unalipa kwa simu au benki yoyote, na serikali inajua ni wewe na ni ya nini. Kwetu nambari ya eCitizen ni moja, 222222, lakini ile ya akaunti unayoandika baada yake ndiyo inayobeba habari. Hapo risiti haihitaji kusafirishwa, na ile safari ya tatu ya nahodha inakufa.

Daftari langu la paswadi

Sasa niungame. Pale saibani nilikuwa na daftari la kurasa 96 lenye paswadi za watu. Sikuwa mwizi. Mama akija kufunguliwa akaunti anaulizwa barua pepe, hana, namfungulia. Anaulizwa paswadi, ananiambia, "Nitilie weye, mwanangu, mimi siyui." Mwaka wa pili anarudi, kasahau kila kitu, mimi ninayo. Nusu ya mtaa ningeweza kuingia kwenye akaunti zao nikiwa nimelala.

Watengenezaji wengi hujifanya watu kama mimi hatupo. Huchora mwananchi aliyekaa peke yake na simu yake, anajihudumia. Mwananchi huyo wa Nairobi huenda yupo. Wa Kiwayu anahudumiwa na mjukuu, na mwenye duka, na saiba. Mtengenezee nafasi huyo msaidizi. Awe na akaunti yake mwenyewe, aingie kwa jina lake, ajaze kwa niaba ya mtu. Kabla ombi halijatumwa, nambari ya siri ya mara moja iende kwenye simu ya mwenye ombi, pamoja na maelezo ya Kiswahili kinachoeleweka: fulani anakuombea leseni hii, gharama ni hii, ukikubali mpe nambari. Mfumo uweke kumbukumbu ya nani alijaza. Ada ya saiba ibandikwe ukutani. Barua pepe isiwe lazima, simu inatosha.

Jambo la sheria usiliache kwa wakili wa dakika ya mwisho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza kukusanya habari zinazoweza kuwadhuru watu. Huduma Namba, ule mpango wa kumsajili kila mtu na kumpa kadi moja ya utambulisho, ilikwama hapo: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa zile kadi kwa kuwa tathmini hiyo haikutangulia. Watu walikuwa wameshapanga foleni na kutoa alama za vidole. Kwa huduma ndogo kama leseni, njia nyepesi ya kujilinda ni kutouliza usichokihitaji. Sisi tulikuwa tunauliza dini ya mwenye chombo. Ya nini? Tumeikuta.

Karani, na yule askari wa gatini

Karani ukimwacha nje ya kazi ataiua, na hatahitaji kufanya lolote, atasema tu kila asubuhi, "Sistemu imelala." Ana sababu zake. Wengine walikuwa wakipata chai kwenye ile foleni, tusidanganyane. Lakini wengi wanaogopa kuonekana wajinga mbele ya kijana. Karani wetu alikuwa na kaunta buku la jalada jeusi, miaka kumi na zaidi ya vyombo vya Lamu kwa mwandiko wake, na anajua chombo kipi kiliuzwa kwa nani bila kufungua. Meneja wa mradi akataka daftari lile lifungiwe kabati. Nikashikilia libaki wazi miezi mitatu, kila jioni tukilinganisha nalo. Ndilo lililotuonyesha vyombo kumi na vinne ambavyo mfumo ulikuwa umevihesabu mara mbili.

Na ndilo lililotuokoa stima ilipokatika siku mbili. Kila huduma ya mtandaoni inataka mpango wa karatasi ulioandikwa: fomu zenye nambari zimewekwa wapi, nani ataziingiza mfumo ukirudi, na tarehe itakayohesabika ni ile ya kwenye karatasi. Julai 2023 eCitizen yenyewe ilishambuliwa na wadukuzi, huduma zikakwama, hadi wageni wakaruhusiwa kupewa viza wakifika. Kama kubwa lile lilianguka, lako nalo litaanguka.

Lakini lililoniumiza lilitokea leseni za kwanza zilipotoka. Tulifurahi, tukapigana picha. Siku ya tatu nahodha yule wa safari nne akanipigia. Alisimamishwa gatini, akatoa simu, akamwonyesha askari ujumbe wa leseni. Askari akasema, "Mimi nataka karatasi yenye muhuri." Nilimsikia nahodha nyuma ya upepo: "Binti yangu, hii leseni yenu ya hewani imenikwamisha." Sikuwa na la kumwambia ila, "Nisamehe, ami." Alikuja kuchukua karatasi. Safari ya tano.

Tulikuwa tumemsahau anayeikagua. Kabla hujafungua huduma, orodhesha kila mtu atakayedai kuiona ile karatasi: askari, mkaguzi, benki, mnunuzi wa samaki, ofisi ya kaunti ya jirani. Nenda kwao mmoja mmoja. Wape njia ya kuhakikisha, iwe ni kutuma nambari ya leseni kwa ujumbe mfupi na kujibiwa mara moja, na barua ya mkubwa wao inayosema hiyo inatosha. Na hata hivyo endelea kutoa karatasi kwa mwaka mmoja au miwili, ichapishwe saiba iliyo karibu na mwenye leseni na kutiwa plastiki, kwa sababu chomboni kuna maji ya chumvi na simu huzima.

Mkataba, kwa ufupi

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi, na mradi mwingi huharakishwa Juni ili pesa zisirudi. Usikubali kupokea mfumo Juni 29. Katika mkataba iandikwe kwamba data ni ya ofisi na inaweza kutolewa yote wakati wowote, kwamba programu yenyewe itakabidhiwa, na nani atalipia jina la tovuti mwaka wa tatu. Weka fungu la matengenezo ya kila mwaka. Mkandarasi akikwambia mfumo wake hauhitaji matengenezo, muulize kama aliwahi kumiliki dau.

Jaribu pale pagumu

Jaribio la ofisini, penye waya wa intaneti na kahawa, halihesabiki. Nunua bando ya shilingi ishirini, chukua kabambe na simu kubwa moja ya zamani, uende Kizingitini. Wakati mzuri ni kusi ikikaza, bahari imechafuka na wavuvi wengi wako barazani wakishona nyavu, kaskazi hutawapata. Mpe mtu simu, mwambie unachotaka akifanye, kisha ufunge mdomo. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kidole kikisita, andika kilisita wapi. Akikuuliza, "Hapa nibonyeze?" usimjibu, andika. Watu wanane watakuonyesha karibu kila kilichooza.

Rekebisha, urudi na watu wengine wanane. Fungua huduma kwa kijiji kimoja bila matarumbeta wala mgeni rasmi, mwezi mmoja, ukihesabu kitu kimoja tu: wangapi wamepata leseni bila kuvuka. Sisi mwezi wa kwanza walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mpwa wa karani. Na kabla hujapanda boti kwenda kuuliza wale waliobaki walikwama wapi, uliza maji yanajaa saa ngapi, la sivyo utalala huko, na mbu wa Faza hawana simile.